Uzi: Kuotesha rehani nyumbani kwa mbegu, na kwa nini miche hufa kabla ya wiki ya nne

Mtunza Kitalu

Wakuu, salaam. Nazungumzia rehani ya majani, si ile ya kuweka shamba benki.

Mbegu ya mrehani haisumbui kuota. Kasheshe huanza mche ukishatoa kichwa, na huendelea hadi wiki ya nne hivi. Ndani ya muda huo wauaji ni wawili tu: maji mengi na mwanga haba. Anayelaumu mbegu au mbolea mara nyingi anamkamata asiyehusika. Kwa hiyo nitapita haraka kwenye mambo mengine na kukaa hapo.

Mbegu kwanza. Gramu moja ina mbegu 600 hivi, kwa hiyo pakiti ndogo kabisa inatosha kwa misimu kadhaa. Anayeanza achukue Genovese, ile ya majani mapana yaliyobinuka kama kijiko, kwa sababu inakua haraka na inavumilia mkasi. Rehani ya kichaka, yenye majani madogo madogo, hujiviringa yenyewe kama mpira na inafaa dirisha jembamba. Rehani ya Kithai ina shina la zambarau na harufu inayoelekea anisi. Dark Opal, ile ya zambarau iliyotolewa na University of Connecticut miaka ya 1950, hukua polepole kidogo, na baadhi ya miche yake hutoka ya kijani au yenye mabaka. Hujakosea kitu, ng'oa hiyo uache iliyokolea rangi.

Udongo wa bustani usiutumie peke yake kwenye chombo kidogo. Ukimwagiliwa mara tatu nne unashikamana, hewa inaisha, mizizi inakosa pumzi, na vimelea vya kinyausi, ugonjwa unaoangusha miche michanga, huwa vimo humohumo. Mchanganyiko unaofaa: sehemu 2 za makumbi ya nazi yaliyosagwa, sehemu 1 ya mboji iliyoiva na kuchekechwa, sehemu 1 ya perlaiti (zile chembe nyeupe nyepesi za mwamba) au mchanga wa mto ulioshwa. Makumbi mengine yana chumvi, hivyo yaloweke na kuyakamua mara mbili tatu hadi maji yatoke bila rangi nzito. Kujua kama unyevu umetosha, fumbata konzi moja na uibane: litoke tone moja au mawili, bonge lishikane, na ukiligusa kwa kidole livunjike. Likimwaga maji ni bovu, lisiposhikana ni kavu.

Chombo chochote chenye kina cha sm 7 hadi 10 kinafaa kuanzia, alimradi kina matundu 3 au 4 chini. Kisicho na tundu ni kaburi la mche.

Kusia: lowesha mchanganyiko KABLA ya kuweka mbegu, kwa sababu ukimwaga maji baadaye mbegu zinaelea na kukusanyika pembeni. Jaza chombo hadi sm 1 chini ya ukingo, gonga mara moja mezani ushuke, usiushindilie. Weka mbegu 2 au 3 kila mahali unapotaka mche mmoja. Funika kwa mm 3 hadi 5 za mchanganyiko uleule uliochekechwa. Nyunyizia kwa chupa ya kupuliza, funika juu kwa nailoni au kifuniko kinachopitisha mwanga, weka mahali penye joto la nyuzi 21 hadi 27 za Selsiasi. Jua kali lisipige chombo kikiwa kimefunikwa, maana ndani patakuwa tanuri.

Kwenye joto hilo mbegu huota kati ya siku ya 5 na ya 10. Kwenye nyuzi 15 zinaweza kukaa wiki mbili na zaidi, na nyingine zikaoza zikisubiri. Siku utakapoona vichwa vya kwanza, kifuniko kitoke SIKU HIYOHIYO, na mwanga uanze siku hiyohiyo. Ukisubiri kesho, mche umeshaanza kurefuka kuutafuta.

Sia Haba

Mkuu, nakubali yote isipokuwa kufunika mbegu. Mbegu ya rehani ni ndogo. Ukiiweka juu tu na kuibonyeza kwa kidole inaota vizuri, na unaona kila kinachoendelea. Wengi wanaolalamika mbegu hazioti wamezizika sm 2 chini.

Mtunza Kitalu

Kuzizika sm 2 ni kosa, hilo hatubishani. Lakini angalia mbegu yenyewe inavyofanya kazi. Ikipata maji, ndani ya dakika chache inajivika ute wa kijivu unaoelekea bluu. Ule ute ndio ghala lake la maji. Mbegu iliyo juu wazi, hewa ikikauka kwa saa chache mchana, ute unasinyaa na kijimzizi kilichokwisha kuchungulia kinakufa. Zaidi ya hapo, mche uliootea juu mara nyingi hubaki umevaa ganda la mbegu kichwani kama kofia, kwa sababu haukupenya udongo wa kulivua.

Kwa hiyo aliye na kifuniko kizuri na anayepuliza maji asubuhi na jioni aweke juu. Asiye na nafasi ya kuchungulia mara mbili kwa siku afunike kwa mm 3. Zote mbili zinaota.

Na ute huo usiwatishe wageni. Si ukungu. Ukungu huja na nyuzi kama pamba. Ute unang'aa na unashika mbegu pande zote.

Sia Haba

Hoja ya kofia naikubali. Ikitokea, usiivute kavu, utang'oa majani ya kwanza pamoja nayo. Weka tone la maji juu yake, subiri dakika kumi, ndipo uisukume kwa ncha ya kijiti.

Mwanga wa Dirisha

Niongezee kwenye mwanga, kwa sababu neno "penye mwanga" linadanganya watu. Jicho la mtu hujirekebisha. Chumba unachokiona kimejaa mwanga, kwa mche kinaweza kuwa giza la jioni.

Mrehani unataka jua la moja kwa moja saa 6 hadi 8 kwa siku. Kipimo rahisi: simamisha mkono sm 30 juu ya chombo mchana. Kivuli kikiwa na kingo kali, mwanga unatosha. Kikiwa hafifu, chenye kingo zilizofifia, mche utaishi lakini utarefuka. Kisipoonekana kabisa, hapo hapafai.

Sogeza chombo kigusane na dirisha. Hatua moja kurudi ndani inapunguza mwanga kwa kiasi kikubwa kuliko macho yanavyokwambia. Zungusha chombo robo duara kila siku, la sivyo shina linapinda upande mmoja na kukomaa hivyohivyo.

Anayetumia taa: taa ya LED nyeupe ya kawaida inafaa, si lazima ile ya zambarau. Iwake saa 14 hadi 16, kisha giza. Iwe sm 15 hadi 30 juu ya vilele, na uipandishe miche inavyokua. Miche yenyewe itakwambia: ikirefuka pingili kwa pingili, taa iko mbali, majani ya juu yakipauka au kujikunja kingo ilhali ya chini ni mazima, iko karibu mno. Weka kidude cha saa kwenye soketi, usitegemee kumbukumbu.

Feni ndogo inayopepea kwa upole saa chache kwa siku ina faida mbili: shina linalotikiswa huwa nene, na uso wa udongo haukai umelowa.

Mtaka Kujua

Wakuu, shikamooni. Miche ina siku 9. Jana ilikuwa imesimama, leo mitano imelala chini. Shina pale linapoingia udongoni limekuwa jembamba kama uzi, rangi ya kahawia. Udongo una maji, si kiu. Niongeze maji au mbolea?

Debe la Mboji

Marahaba. Usiongeze chochote. Hicho ni kinyausi.

Vimelea wake ni wale wa udongoni, hasa Pythium na Rhizoctonia. Wanashambulia shina changa pale usawa wa udongo, linasinyaa na kukatika kiuno, mche unaanguka ukiwa bado kijani juu. Uliolala hauinuki tena. Ng'oa iliyoanguka pamoja na udongo unaoizunguka kwa upana wa kidole, itupe, usiirudishe kwenye mboji. Iliyobaki ondoa kifuniko kama bado kipo, sogeza penye mwanga na upepo, na usimwagilie hadi uso wa udongo ubadilike rangi kuwa hafifu.

Kama zaidi ya nusu imelala, usihangaike nayo. Tupa yote, osha chombo kwa sabuni, kisha kiloweke dakika 10 kwenye maji yenye dawa ya klorini ya kufulia, sehemu 1 kwa sehemu 9 za maji, suuza, anika. Mbegu zipo 600 kwenye gramu, hakuna msiba hapo.

Usichanganye kinyausi na kurefuka kwa kukosa mwanga. Mche uliorefuka nao huanguka, ila shina lake ni jeupe au kijani hafifu tangu chini hadi juu na halina sehemu iliyobanwa. Huo unaokolewa: unaupandikiza na kuuzika shina hadi karibu na majani ya mbegu (yale mawili ya mwanzo), na unaupa mwanga. Mrehani hutoa mizizi kwenye shina lililozikwa.

Kuzuia: mwagilia kutoka chini. Weka chombo kwenye sinia lenye maji ya kina cha sm 2, kiache dakika 15 hadi 20, uso ukionyesha kulowa kiinue, kichuruzike, maji yaliyobaki yamwage. Usirudie hadi uso ukauke na chombo kiwe chepesi mkononi. Kubeba chombo mkononi ni kipimo bora kuliko ratiba. Kinyanyue kikiwa kimetoka kunywa, kinyanyue tena siku mbili baadaye, na mkono utakumbuka tofauti.

Wenye udongo wasiouamini wanaweza kuupasha: uwe na unyevu, ufunikwe kwenye trei, oveni ipashe hadi katikati ya udongo kufikia nyuzi 82 na kukaa hapo dakika 30. Usizidishe, udongo uliounguzwa hutoa vitu vinavyodhuru mizizi. Na fungua madirisha, harufu yake si mchezo.

Mtaka Kujua

Asante sana mkuu. Na kokoto chini ya chombo ili maji yatoke vizuri?

Debe la Mboji

Kokoto hazisaidii. Maji hayashuki kwa urahisi kutoka kwenye udongo laini kwenda kwenye kokoto. Husimama kwenye mpaka wao hadi udongo ulowe chapachapa. Unachofanya ni kupandisha tope juu, karibu zaidi na mizizi, na kupunguza nafasi ya udongo. Kama tundu ni kubwa, weka kipande cha wavu au chujio la kahawa udongo usidondoke. Basi.

Mtunza Kitalu

Tuendelee. Miche ikiwa na jozi ya kwanza ya majani halisi (si yale mawili ya mviringo ya mwanzo), punguza. Acha mmoja kila mahali, ulio mnene, si ulio mrefu. Mingine kata kwa mkasi usawa wa udongo. Ukiing'oa unavuruga mizizi ya unaobaki.

Ikiwa na jozi 2 au 3 za majani halisi, kwa kawaida wiki ya 4 au ya 5, pandikiza. Chombo cha kipenyo cha sm 15 kinabeba mche mmoja, cha sm 25 kinabeba mitatu. Kwenye tuta acha sm 25 hadi 30 kati ya mche na mche. Kuruka kutoka kikombe kidogo hadi ndoo kubwa ni kosa: udongo usio na mizizi unabaki umelowa kwa siku nyingi na kuozesha mche katikati.

Shika jani au bonge la udongo, usishike shina. Jani likikatika mche hutoa jingine. Shina likipondeka ndio mwisho.

Miche iliyokulia ndani isitolewe juani ghafla. Siku ya kwanza saa moja ya jua la asubuhi, kila siku ongeza saa moja, baada ya siku 7 hadi 10 iache nje moja kwa moja. Ikirukwa hatua hii majani hupata mabaka meupe kama karatasi, na hayarudi kuwa ya kijani. Usiku ukishuka chini ya nyuzi 10 irudishe ndani. Baridi huweka mrehani madoa meusi hata kama hakuna barafu. Ndiyo sababu hata majani yaliyovunwa huwa meusi kwenye friji. Mashina yaliyokatwa yakae kwenye glasi ya maji mezani.

Pingili

Sasa tufike kwenye mkasi, maana hapa ndipo watu wanaishia na mlingoti wenye majani manne juu.

Kilele cha shina hutoa homoni iitwayo auksini inayoshuka chini na kuvizuia vichipukizi vya pembeni visiamke. Kila kwapa la jani lina kichipukizi kimelala, kwa hiyo kila jozi ya majani ina viwili. Ukiondoa kilele, kizuizi kinaondoka, viwili vile vinaamka, na shina moja linakuwa mawili. Ukikata hayo mawili unapata manne, ukirudia manane. Hakuna mbolea inayofanya kazi hiyo.

Mara ya kwanza: mche ukiwa na sm 15 hivi na jozi 4 za majani halisi, kata mm 5 juu ya jozi ya pili kutoka chini. Ndiyo, unaondoa karibu nusu ya mche. Moyo utauma. Kata. Baada ya wiki moja au mbili utaona matawi mawili yamejitokeza pale pale. Kila tawi likifikisha jozi 3 au 4, rudia. Mkasi uwe safi na mkali. Kucha inaponda shina.

Makosa ninayoyaona kila mara kwenye picha za watu ni haya. Kuchuma majani makubwa ya chini na kuacha kilele: majani makubwa ndiyo jiko la mche, na kilele kilichobaki kinaendelea kupanda juu. Kukata katikati ya pingili: kisiki kirefu kinachobaki juu ya kifundo (pale jozi ya majani inapotokea) hukauka na wakati mwingine huozea hadi kwenye kifundo. Na kuvuna zaidi ya theluthi moja kwa mkupuo mche ukiwa tayari kichaka. Baada ya hapo unasimama wiki mbili bila kusogea.

Maua: ukiona kilele kimeanza kuwa na majani madogo yaliyobanana kama ngazi, hicho ni kikonyo cha maua. Usikichune peke yake. Shuka jozi mbili chini yake ukate hapo. Ukichuna ua tu, kifundo cha chini yake nacho kimeshaamua kutoa ua, na utakimbizana nalo kila siku. Shina lililoachwa lichanue hupunguza majani, huwa gumu kama ukuni, na harufu ya majani yake hubadilika.

Kipande ulichokata usikitupe. Chenye sm 10, ondoa majani ya chini, simamisha kwenye glasi ya maji mahali penye mwanga usio mkali, badilisha maji kila siku mbili. Mizizi hutoka baada ya wiki moja hadi mbili. Ikifika sm 3 au 4 pandikiza. Ukisubiri iwe mirefu sana inazoea maji na inasumbua kwenye udongo.

Sia Haba

Ongezea: kipande cha kuotesha kisiwe na ua. Chenye ua hutumia nguvu kwenye ua, mizizi inachelewa au haiji kabisa.

Kikonyo Kirefu

Majani yanageuka manjano. Nimeambiwa ni naitrojeni, nikaweka mbolea, bado. Tatizo nini?

Debe la Mboji

"Manjano" peke yake haitoshi mkuu. Unjano wa mrehani una sura nyingi. Tazama jani gani na sehemu gani ya jani.

Majani ya chini, jani zima sawasawa, juu bado kijani: naitrojeni. Makumbi ya nazi hayana chakula cha maana, mboji ya kwenye mchanganyiko huisha baada ya wiki 5 au 6. Weka mbolea ya maji nusu ya kipimo kilichoandikwa, kila baada ya wiki mbili. Usizidishe: mche utanenepa na harufu itapungua. Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo, ni chumvi za mbolea. Pitisha maji safi mara mbili ya ujazo wa chombo yatoke chini.

Majani machanga ya juu, manjano lakini mishipa kijani: upungufu wa chuma (madini). Kwa kawaida kimo udongoni ila mche haukifikii kwa sababu pH (kipimo cha uasidi wa udongo) imepanda juu ya 7, mara nyingi kwa maji yenye chokaa. Lenga pH 6 hadi 7.

Majani yote yamepauka, udongo umelowa, mche umenyong'onyea: mizizi inaoza. Utoe uangalie. Mzizi mzima ni mweupe; uliooza ni wa kahawia na ukiuvuta ngozi yake inachunika.

Unjano wa mabaka yaliyokatwa na mishipa, kama vyumba vyenye kuta, na chini ya jani vumbi la kijivu linaloelekea zambarau: ubwiri unyoya. Huo mbolea haitaugusa, na nashuku ndio wako.

Kikonyo Kirefu

Mabaka yapo, vumbi silioni.

Debe la Mboji

Vumbi hilo hutengenezwa usiku, gizani, unyevu wa hewa ukiwa mkubwa, kwa hiyo tazama alfajiri. Au fanya jaribio hili: chukua jani lenye baka, liweke kwenye mfuko wa plastiki na kipande cha karatasi laini iliyolowa, funga, weka gizani usiku kucha. Asubuhi geuza jani. Vumbi la kijivu likiwepo, hukumu imetoka.

Kimelea chake ni Peronospora belbahrii. Ugonjwa wenyewe uliripotiwa kwanza Uganda miaka ya 1930, ukakaa kimya miongo mingi, kisha ukazuka Uswisi mwaka 2001, Italia ukafuata, na Marekani ukafika 2007. Husafiri kwa upepo na unaweza kubebwa na mbegu. Hauzaliani bila mmea hai. Ndani ya nyumba huna dawa ya maana ya kunyunyizia kitu utakachokila kesho, kwa hiyo kinga ni kuyanyima majani maji: mwagilia udongo tu, tena asubuhi, acha nafasi kati ya miche, hewa ipite. Mche ulioshika mabaka ung'oe mzima, ufunge kwenye mfuko kabla ya kuubeba, kwa sababu ukiutikisa unalipeleka vumbi lake kwa mche jirani. Majani ambayo hayajaguswa yanalika, hayana sumu.

Ukinunua mbegu tena, tafuta aina zenye ukinzani: Devotion, Obsession, Passion na Thunderstruck kutoka Rutgers University, au Prospera iliyotokana na kazi ya Bar-Ilan University, Israeli. Ukinzani si kinga kamili, ila unakupa wiki nyingi za mavuno.

Pingili

Na msiuchanganye na mnyauko fuzari, unaoletwa na kuvu wa udongoni. Ule huja mche ukiwa umeshakua, sm 15 hadi 30, unaonekana mzima kabisa, kisha unanyauka ghafla, mara nyingi upande mmoja. Shina lina mistari ya kahawia kwa nje, kilele hupinda kama bakora. Ukiupasua shina, ndani mishipa ni ya kahawia. Hauponi. Fuzari hukaa udongoni miaka, kwa hiyo tupa udongo pamoja na mche na usipande rehani hapo. Aina kama Nufar zinauhimili. Tahadhari: Nufar huhimili fuzari, si ubwiri unyoya. Watu huchanganya.

Mwanga wa Dirisha

Wadudu kwa ufupi. Vidukari hukaa kwenye vilele na chini ya majani, majani hujikunja na kunata. Inzi weupe hupuruka ukigusa mche. Utitiri huacha vidoa vidogo vya manjano na utando mwembamba, hasa hewa ikiwa kavu na ya joto. Wote watatu wanaanzwa kwa maji: laza chombo, pulizia chini ya majani kwa nguvu, rudia kila siku mbili. Wakibaki, sabuni ya maji isiyo na manukato 5 ml kwa lita 1, chini ya majani, jioni jua likiwa limepoa. Jaribu kwenye majani mawili kwanza usubiri siku moja. Rudia baada ya siku 5, kwa sababu sabuni inaua aliyelowa tu, mayai yanabaki. Osha majani vizuri kabla ya kuyatumia.

Vijinzi vidogo vyeusi vinavyorukaruka juu ya udongo ni dalili ya maji mengi. Mabuu yao hula vijimzizi. Acha sm 2 za juu zikauke kila mara, tega karatasi ya manjano yenye gundi. Turudi palepale: maji.

Mtaka Kujua

Zile mbegu nyeusi zinazouzwa za kuloweka kwenye vinywaji, zinaweza kupandwa?

Sia Haba

Zinaweza. Nyingi ni mrehani uleule au jamaa yake wa karibu, na zisipokuwa zimepashwa moto au kuzeeka zinaota. Lakini hujui ni aina gani. Mara nyingi hupata mche wa majani membamba unaokimbilia maua. Kwa kujifunzia kusia bila hofu ya hasara zinafaa sana.

Kikonyo Kirefu

Na kuhifadhi mbegu zangu mwenyewe?

Mtunza Kitalu

Tenga mche mmoja kwa kazi hiyo na usiuguse kwa mkasi baada ya kuanza maua. Nyuki huchanganya aina. Ukiwa na Genovese na ya Kithai zimechanua pamoja, watoto watakuwa wa kubahatisha. Acha aina moja tu ichanue, nyingine zikate maua.

Subiri vikombe vya maua vikauke kuwa kahawia kuanzia chini ya kikonyo kupanda juu. Theluthi mbili zikiwa kahawia, kata kikonyo, kiweke kichwa chini ndani ya mfuko wa karatasi penye kivuli wiki mbili. Sugua kwa viganja, chekecha, pepeta. Kila kikombe kina mbegu hadi 4. Mbegu iliyokomaa ni nyeusi. Ya kahawia hafifu iliyosinyaa iache. Usizioshe wala usizipepete penye unyevu, zitajivika ute na hutazikausha tena.

Zikauke kabisa, ziingie kwenye bahasha ya karatasi, bahasha kwenye chupa inayofunga vizuri, mahali penye ubaridi na giza. Andika aina na mwezi. Zikitunzwa hivyo zinafika miaka 5, zikipungua nguvu kila mwaka.

Kabla ya kusia mbegu za zamani, tandaza 10 kwenye karatasi laini yenye unyevu, kunja, ingiza kwenye mfuko, weka penye joto. Hesabu siku ya 10. Zikiota 9, sia mbili kila mahali. Zikiota 7, sia tatu. Zikiota 5, sia tano. Chini ya 3, nunua mpya.